Jina la Mwanamke wa Sondu

Mimi ni mtu wa wivu, na nimezeeka nao. Kuna watu husema wivu wao uliisha walipookoka, au walipotoka Maka, au walipopata wajukuu. Wangu haukuisha. Upo, mzima wa afya, na ukiugusa unaruka. Kwa hiyo nikisimulia habari za ploti yetu ya Kaloleni, mtu asitarajie nimsifu yule mwanamke wa Sondu kupita kiasi. Nitamsifu pale nitakapolazimika tu.

Tulikaa hapo Kaloleni, Kisumu, mimi na mume wangu, kwenye ploti ya vyumba vilivyozunguka ua mmoja na bomba moja. Miaka ya themanini ilikuwa inaelekea mwisho. Mji ulikuwa bado mdogo, mdogo kiasi kwamba ukinunua nyama ya kilo nzima leo, kesho mtu anakuuliza kama wageni wameshaondoka. Mume wangu alifanya kazi bandarini. Mimi nilikuwa na cherehani yangu mlangoni, nikishona sare za shule na mapazia ya watu wa Milimani, na mwezi wa Ramadhani ukikaribia kuisha, kanzu. Babu yangu aliletwa na reli kutoka pwani. Bibi yangu alikuwa mtu wa hapa hapa ziwani, akasilimu, akaolewa. Mimi nilizaliwa Kaloleni na kwingine ni kutembea tu.

Mtoto hatukujaliwa. Nasema hivyo kwa kifupi kwa sababu nimeshalisema kwa kirefu mahali pengi, mbele ya madaktari, mashangazi na mashekhe, na halikubadilika.

Lakini katika ploti ile nilikuwa mtu. Ufunguo wa kila mlango uliachwa kwangu. Mvua ya saa kumi ikishuka kutoka upande wa milima ya Nandi, ni mimi niliyekimbia kuanua nguo za watu wote, hata za wale ambao hatukusalimiana vizuri asubuhi. Mtoto akiumwa, aliletwa kwangu kwanza, hospitali baadaye. Maji ya bomba wakati huo yalikuja alfajiri yakikohoa, yakakaa kidogo, yakaondoka. Mimi nilikuwa nikiyasikia usingizini, nakwenda kugonga mlango kwa mlango, amkeni, maji. Hakuna aliyenipa kazi hiyo. Niliipenda, basi. Nilipenda kusikia watu wakisema ploti hii bila mama wa cherehani haiendi.

Ndipo akaja yule mke mdogo kutoka Asembo Bay. Mumewe alikuwa mpaka rangi, mtu wa kazi za majumba makubwa, na alimleta mkewe kwenye chumba kilichopakana na changu. Alikuwa msichana tu. Hakujua kuwasha stovu ya mafuta, aliiogopa, aliiwasha akiwa amegeuza uso. Nilimfundisha. Nilimpeleka soko la Kibuye nikamwonyesha nani anapima vizuri na nani anaficha nyanya mbovu chini. Naye akanipikia samaki jinsi wanavyopika kwao, ngege wa kuchemshwa bila mbwembwe, nikagundua kwamba miaka yote nilikuwa namharibu samaki kwa viungo. Aliniita dada. Jioni alikuja kukaa kwenye kizingiti changu, miguu nje, akinisukia vitambaa vilivyobaki kuwa kamba, na tuliongea mpaka waume zetu wakalalamika njaa.

Akapata mimba. Siku moja namchukua vipimo vya gauni pana, utepe uko kifuani mwake, akaniambia, bila hata kunitazama:

"Dada, akiwa msichana, ataitwa wewe."

Nilijifanya naandika kipimo. Mtu ambaye ana wajukuu hawezi kuelewa. Kwetu sisi, jina la mwanamke hupita kwa wajukuu. Bibi akifa, mtoto wa mwanawe hupewa jina lake, na maisha yanaendelea. Mimi sikuwa na mlango wa kupitia. Jina langu lingezikwa siku moja na mwenyewe na watu wangerudi nyumbani kula pilau. Lakini watu wa ziwani wana desturi yao nzuri: mtoto hupewa hata jina la jirani aliye hai, kama jirani huyo amewatendea wema. Mtoto anakuwa somo wako, mnaitwa jina moja, na wewe unamshonea nguo yake ya kwanza, unakuwa wake na yeye anakuwa wako hata kama hamna tone la damu moja. Nikataka hilo. Sijawahi kutaka kitu namna ile, wala nyumba, wala dhahabu. Nilishona vigauni vya mtoto wa kike mpaka mume wangu akaniuliza, je, akiwa mvulana? Nikamwambia anyamaze.

Basi ndio akaja huyo mwanamke wa Sondu.

Alipanga chumba kilichokuwa karibu na bomba. Alikuja peke yake. Na mumewe walikuwa wameachana, na hakuwa na mtoto. Aliuza viazi vitamu, anavisukuma sokoni kwa mkokoteni wake mwenyewe, mwanamke mzima, bila aibu. Alikuwa mrefu, na kicheko chake kilifika barabarani. Kwao ni mpakani, kwa hiyo alizungumza Kijaluo na Kikipsigis vyote viwili, na Kiswahili chake kilikuwa cha kuvunjavunja, lakini watu walimwelewa kuliko walivyonielewa mimi. Hilo lilikuwa kosa lake la kwanza.

La pili lilikuwa maji. Asubuhi ya kwanza nilisikia bomba likikohoa, nikajifunga leso, nikatoka kwenda kugonga milango. Nikakuta ndoo za ploti nzima zimejazwa, zimepangwa kila moja kwenye mlango wake, yangu ikiwemo, na imefunikwa kwa sahani. Yeye yuko pale anapiga mswaki. Akanisalimia kwa furaha. Akaniambia nirudi nikalale, yeye huamka mapema tu. Nirudi nikalale! Nilisimama uani kama mgeni. Milango ikafunguliwa mmoja mmoja, kila mtu anamshukuru, na hakuna aliyeona kwamba mimi nimeamka pia.

Siku ya soko la kwao alikwenda akarudi na kibuyu cha maziwa lala, kile kinachopakwa unga wa mkaa ndani, akagawa kikombe kwa kikombe. Langu akaniletea mwenyewe kwa mikono miwili. Nilitamani yawe yamechacha vibaya. Nikayanywa. Yalikuwa matamu, na hilo ndilo lililoniudhi. Mume wangu akasema, ah, huyu mama ana mkono mzuri. Mume wangu huyo, tangu anioe, hajawahi kusifu hata chai yangu. Akiipenda huwa anakohoa tu.

Nikaingia vitani, nakubali. Ijumaa nilikaanga mahamri, nikapeleka sinia kila mlango. Jumamosi yeye akachemsha viazi vya karai zima. Nikaanza kuwatilia viraka watoto wa ploti bure. Yeye akaanza kuwasuka nywele. Mzee mmoja aliyekaa chumba cha mbele, mjane, mtu wa maneno, alikuwa akikaa kwenye kiti chake anapokea mahamri kwa mkono huu na kiazi kwa mkono huu. Aliniambia anaomba Mungu sisi wawili tusipatane kamwe, kwa sababu tangu vita vyetu vianze, mkanda wake umemwishia matundu. Watu walinenepa. Hakuna aliyeshukuru kwa hesabu sawa, lakini walinenepa.

Yote hayo ningeyabeba. Ila nilianza kuona kizingiti changu kikiwa kitupu jioni. Nikichungulia, yule mke mdogo ameketi kwa mwanamke wa Sondu, tumbo mbele, wanaongea Kijaluo haraka haraka na kucheka. Akiniona ananiita, dada, njoo. Mimi huyo, niitwe kwenda kwa mtu niliyemtangulia! Nilijibu nina kazi. Nikakaa kwenye cherehani nikikanyaga pedali bila kitambaa, ili wasikie nina kazi. Nilijiambia: ahadi ni ahadi. Jina liko pale pale. Acha acheke naye, jina ni langu.

Mwezi wa mwisho wa ile mimba nikaitwa Mumias. Mpwa wa mume wangu anaolewa, na nguo za bibi harusi na wapambe ni mimi. Nilikataa, wakaja watu wazima kuniomba, ikabidi. Kabla sijaondoka nilimwambia yule msichana asibebe ndoo, asipande juu ya kiti, asifanye chochote mpaka nirudi. Nilimwambia na mtoto tumboni pia, kwa siri, nikijifanya namrekebishia gauni.

Mtoto hakunisikia. Niliporudi, nimebeba kitenge cha mzazi kwenye mfuko, watoto wa ploti walinipokea langoni wakigombania kunieleza. Uchungu ulimshika mchana, mvua inanyesha, mumewe yuko Milimani juu ya ngazi ya mtu, barabara yetu tope tupu na hakuna gari linaloingia. Mwanamke wa Sondu akamwaga viazi vyake chini, vyote, kwenye matope. Akatandika godoro lake kwenye mkokoteni, akamlaza yule msichana, akamfunika na karatasi ya nailoni, akamsukuma mpaka hospitali, peku, akiimba njia nzima ili asisikie uchungu. Mtoto akazaliwa hata kabla hawajamaliza kumwandikisha. Msichana, mzima, mwenye sauti.

Mtu mwema angesema alhamdulillahi. Mimi nilisema pia, mdomoni. Moyoni niliona ule mkokoteni, nikajua umebeba kila kitu changu ukaondoka nacho.

Kwao Asembo mtoto hukaa ndani kwanza, kisha inapangwa asubuhi ya kumtoa nje na kumtaja jina. Mama mkwe wa yule msichana alikuja kwa ajili hiyo, mwanamke mfupi, mkavu, amevaa kitambaa cheupe cha kanisa lake, mtu wa neno moja. Tulikaa uani kwenye mikeka. Uji ulikuwa tayari, samaki tayari. Nilivaa vizuri. Nilikuwa na vile vigauni kwenye bahasha ya dukani, nimevipiga pasi. Baba mtoto akasimama, mpole kama kawaida yake, na rangi kwenye kucha, akasema wamefikiri, wameona mtoto aitwe jina la mama aliyewafikisha hospitali. Akalitaja. Yule msichana alikuwa anatazama ukingo wa mkeka.

Damu ilinipanda hadi masikioni. Nilikuwa naomba ardhi isifunguke tu, kwa sababu ningeingia. Mara yule mwanamke wa Sondu akainuka. Akanionyesha kwa kiganja kizima, kwa heshima, mbele ya watu wote.

"Hii jina ilikuwa ya dada wa cherehani. Mpeni yeye. Mimi nilisukuma mkokoteni tu."

Wote wananitazama. Na hapa lazima nieleze jambo moja, maana ndilo lililonikata. Sisi watu wa Kaloleni, mtu akikupa kitu kikubwa, hupokei hapo hapo kama mwenye njaa. Unakataa. Anakusihi. Unakataa tena, sauti imeshuka. Anakushika mkono, anakuapia, ndipo unapokea, na kila mtu amepata heshima yake. Hivyo ndivyo nilivyolelewa; hata sahani ya pili ya pilau nimeipokea hivyo maisha yangu yote. Na tena, nipewe jina kwa huruma yake yeye? Bila hata kubembelezwa kidogo?

"Hapana," nikasema. "Mtoto ameshapata jina lake. Liacheni hivyo hivyo."

Nikainamisha kichwa, nikangoja wanisihi.

Mama mkwe akasema kwa Kijaluo, ambacho nakisikia vizuri kwa sababu ya bibi yangu, kwamba huyu mama ana hekima, amemaliza maneno. Akamtumbukizia mtoto tone la uji mdomoni. Watu wakapiga vigelegele. Samaki wakapakuliwa.

Nilikula, nini tena. Nilitoa vile vigauni, kwa sababu nilikuja navyo na watu waliiona bahasha. Vilimkaa mtoto vizuri mno. Nilirudi chumbani nikalia kwenye mto mpaka mume wangu akanitengenezea chai mwenyewe, chai mbaya, sukari nusu kikombe, na akakaa na mimi nikiinywa yote.

Mwaka uliofuata mwanamke wa Sondu aliondoka. Mama yake aliugua kwao, hapakuwa na mwingine wa kumuuguza. Ploti nzima ilimsindikiza hadi stendi, wengine wanalia. Mimi nilibeba sufuria zake. Nilitembea haraka kuliko wote.

Yule msichana wa Asembo Bay, ambaye sasa hakuwa msichana tena, akaanza biashara ya samaki. Alfajiri anakwenda kwao kuchukua, jioni anauza Kibuye. Mtoto atakaa na nani? Hakuniuliza. Aliniwekea tu mlangoni, na chupa ya uji, siku ya kwanza na siku zote zilizofuata. Alijifunza kutambaa chini ya cherehani yangu. Meno yalimtoka akitafuna utepe wangu wa vipimo. Aliniita mama mkubwa, na usiku alipopata homa aliniita mimi kabla ya mama yake. Hilo nalo lilinipendeza kuliko inavyofaa.

Sasa fikiria adhabu yangu. Mtoto akiwa na miguu, anaitwa. Anaitwa aje ale, aje aoge, atoke kwenye matope, aache kuku wa watu. Kutwa nzima mdomo wangu ulikuwa na jina la yule mwanamke. Nililiita kwa hasira, nililiita kwa mapenzi, nililiita nikiwa nimeshika sindano katikati ya meno. Jirani mpya aliwahi kuniuliza kama ni jina la marehemu mama yangu, kwa namna ninavyolivuta. Mume wangu alicheka mpaka akatoka nje. Nilijaribu kumpa mtoto jina la utani. Alikataa kuliitikia, akasimama mbele yangu mikono kiunoni, akaniambia jina lake analijua.

Mwanamke wa Sondu alikuja kututembelea mara moja, ule mwaka magugu yalipofunika ziwa na mitumbwi ikashindwa kutoka, na samaki akawa ghali kama mbuzi. Mama mtoto alikuwa hayupo, amekwenda kutafuta samaki pengine. Mtoto alikuwa anakwenda shule ya chekechea. Nilisikia kicheko langoni nikakijua, baada ya miaka yote hiyo.

Alikuwa amekonda. Alileta viazi, na gauni jekundu la dukani lenye mikunjo, kubwa kupita umri. Akachuchumaa uani akafungua mikono amwite somo wake. Mtoto akamtazama, akakimbilia nyuma ya leso yangu akanikumbatia miguu. Akachungulia akaniuliza, mama mkubwa, huyu ni nani?

Sitadanganya kwamba nilimhurumia mara moja. Nilisikia raha. Raha ya mtu aliyepakuliwa nyama ya kwanza. Niliiacha ile mikono ikae wazi pale kidogo, halafu ndipo nikamwambia mtoto asalimie. Alisalimia, akachukua gauni, akakimbilia ndani kulijaribu.

Nikaweka chai. Tuliketi kwenye kizingiti changu. Akazungumza habari za mama yake aliyemzika. Nikampa pole, na ilikuwa pole ya kweli. Akashika kikombe kwa mikono miwili, akamsikiliza mtoto akijiimbia huko ndani, akaniuliza:

"Siku ile ulikataa kwa nini?"

Nilikuwa nimechoka kuwa na adabu. Nikamwambia nilikuwa nangoja wanibembeleze.

Aliweka kikombe chini. Nilidhani atacheka, na kama angecheka ningemfukuza. Hakucheka.

"Na mimi?" akasema. "Niliposema upewe wewe, ulifikiri siitaki? Mimi sina mtoto, dada. Nilikuwa nangoja mtu mmoja tu aseme hapana, ni lako. Ukasema wewe."

Nilitafuta pa kuanzia kukasirika, nikakosa. Miaka yote ile niliamini nimenyang'anywa, kumbe nilitoa, kwa mdomo wangu, hadharani, kwa mtu ambaye sikumpenda. Chai ilikuwa imepoa na nilikuwa nimesahau kuitia sukari. Nikamwita mtoto kwa jina lake ailete. Wakaitika wote wawili kwa pamoja, na kabla mtoto hajatokea mlangoni na gauni lake jekundu, yule mwanamke alikuwa ameshainuka kuifuata.